Mzizi Uandikwe Kwenye Faili la Mgonjwa

Mzizi wenye nguvu ya kupunguza uvimbe wa goti ni dawa. Kauli hiyo haina ubishi katika maabara, wala haina ubishi kwa mganga wa jadi anayeuchimba. Mahali pekee inapopotea ni katika chumba cha daktari. Hapo mgonjwa huulizwa vidonge anavyomeza, hupimwa shinikizo la damu, huandikiwa dawa nyingine, kisha hurudi nyumbani kwenye chungu chake cha mizizi, na chungu hicho hakikutajwa na upande wowote. Mhudumu hakuuliza kwa sababu haamini mizizi, au kwa sababu foleni ni ndefu. Mgonjwa naye hakusema kwa sababu anajua atagombezwa. Faili linafungwa likiwa na nusu ya habari.

Katika mkoa wa Morogoro ukimya huo ni mzito kuliko kwingi. Milima ya Uluguru, sehemu ya Tao la Mashariki, inapanda nyuma ya mji hadi kilele cha Kimhandu, zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Juu kuna msitu wa mvua, uliotangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008. Miteremko ya kati ina mashamba ya viungo na migomba. Chini, kuelekea mbugani, huanza miombo. Mazingira matatu yaliyokaribiana namna hiyo huzaa utajiri wa mimea, na penye mimea mingi pana dawa nyingi. Tangu mwaka 1987, S. C. Chhabra, R. L. A. Mahunnah na E. N. Mshiu walichapisha mfululizo wa makala za kitaalamu kuhusu mimea inayotumiwa katika tiba za jadi mashariki mwa Tanzania, familia ya mimea moja baada ya nyingine, pamoja na sehemu inayotumika na ugonjwa unaokusudiwa. Kazi hiyo sasa inakaribia miongo minne. Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba majina ya mizizi yameingia katika majarida ya kimataifa zamani hivyo, ilhali hayajaingia katika faili la mwenye kuitumia.

Ili kuona kwa nini jambo hili ni la kitabibu, na si la adabu tu, inafaa kuutazama mzizi mmoja ambao kemia yake imefuatiliwa kwa karibu. Mti wa Zanha africana ni wa misitu ya miombo, na Tanzania ni miongoni mwa nchi unakoota. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Valencia, Hispania, na wenzao, walieleza viambata walivyovitenga kutoka katika gome la mzizi wake, wakavipa jina la zanhasaponini. Viwili kati ya hivyo, A na B, vilionekana kuzuia kimeng'enya kiitwacho fosfolipasi A2.

Jina hilo gumu linastahili subira ya msomaji, kwa kuwa ndilo kiini cha habari yote. Mwili unapoumia au kuvamiwa na vijidudu, hujibu kwa mchochota, yaani ule mwitikio wenye uvimbe, joto, wekundu na maumivu. Hatua ya mwanzo hufanyika katika utando wa seli. Fosfolipasi A2 hukata mafuta ya utando huo na kuiachia asidi ya arakidoni. Kimeng'enya cha pili, saiklooksijenasi, huipokea asidi hiyo na kuanza kuigeuza kuwa prostaglandini, ambazo hupanua mishipa midogo ya damu na kuzifanya neva zihisi maumivu kwa wepesi zaidi. Mwaka 1971 John Vane alionyesha kwamba aspirini hufanya kazi kwa kuzuia prostaglandini zisitengenezwe. Kwa ugunduzi huo alikuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Diklofenaki na ibuprofeni hupita njia hiyo hiyo. Zanhasaponini hugusa hatua ya juu zaidi, pale mafuta ya utando yanapokatwa, mahali ambapo dawa za jamii ya steroidi nazo hufika kwa njia yao nyingine.

Basi mganga aliyesema kwamba mzizi fulani hutoa uvimbe hakuwa akibahatisha. Lakini hapa ndipo furaha ya haraka hupoteza watu. Kiambata kilichotengwa si kikombe cha dawa. Kiambata hupatikana baada ya gome kulowekwa katika vimiminika kama methanoli, kuchujwa, na kutenganishwa sehemu kwa sehemu hadi kubaki kitu kimoja safi. Mgonjwa huchemsha mzizi kwa maji. Vinavyotoka katika maji vinaweza kuwa vingine, au vile vile kwa kiasi tofauti kabisa. Saponini, ambazo ndizo hufanya maji ya baadhi ya mizizi yatoe povu kama la sabuni, kwa kawaida hufyonzwa kwa uchache sana zikinywewa. Zikiingizwa moja kwa moja kwenye damu, nyingi huweza kupasua chembe nyekundu. Kwa hiyo matokeo ya sindano kwa panya hayahamishiki kwenye kikombe cha bibi kwa kuzidisha uzito wa mwili.

Hata kipimo chenyewe kina mipaka. Katika jaribio lililozoeleka duniani kote, unyayo wa panya hudungwa karajini, utomvu wa mwani mwekundu, jamaa ya ule unaolimwa na wanawake wa Unguja na Pemba. Unyayo huvimba kwa saa chache, na dawa inayojaribiwa hupewa alama kwa kadiri inavyozuia uvimbe huo. Jaribio ni zuri kwa kuchuja yenye nguvu na yasiyo na nguvu. Goti la mwanamke wa miaka sitini, lililolika gegedu kwa kupanda na kushuka mlima na mzigo kichwani, si unyayo uliovimba tangu asubuhi. Makala za kitaalamu huwa na adabu ya kusema hivyo katika aya zake za mwisho. Matangazo ya dawa sokoni hayana adabu hiyo.

Lililo zito zaidi ni kwamba prostaglandini si adui. Hizo hizo zinazoleta maumivu gotini hulinda ngozi ya ndani ya tumbo dhidi ya tindikali, na huweka wazi mishipa inayopeleka damu kwenye figo wakati mwili umepungukiwa maji. Chochote kinachozizuia kwa nguvu ya kutosha kumwinua mgonjwa wa magoti kitandani kina uwezekano wa kumtoboa tumbo na kuzikausha figo zake. Hili halitegemei kama kilitoka kiwandani au porini. Anayedai kwamba mzizi wake una nguvu kama diklofenaki lakini hauna madhara kwa kuwa ni wa asili, anadai mambo mawili yasiyokaa chungu kimoja.

Mfano unaopaswa kufundishwa kwa kila mwanafunzi wa udaktari na kila mganga anayesajiliwa ulitokea Brussels, Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wanawake waliokuwa wakitibiwa ili kupunguza unene walianza kufika hospitali wakiwa na figo zilizosinyaa. Madaktari wa huko walieleza kisa hicho mwaka 1993, na idadi ya waathirika ikaja kupita 100. Vidonge vyao vilipaswa kuwa na mzizi wa Kichina uitwao Stephania tetrandra, ambao wenyewe una kiambata cha kupunguza mchochota. Badala yake kulikuwa na mzizi wa Aristolochia fangchi. Majina ya mizizi hiyo miwili kwa Kichina yanafanana, na mizizi ikishakatwakatwa na kukaushwa haitofautishwi kwa urahisi. Asidi ya aristolokia iliyokuwamo iliharibu figo, na miaka kadhaa baadaye baadhi ya wanawake hao walipata saratani ya njia ya mkojo.

Kisa hicho hakihitaji Wachina wala Wabelgiji ili kijirudie. Morogoro pekee huzungumzwa Kiluguru, Kikutu, Kikaguru, Kisagara, Kizigua na Kiswahili, na kila lugha ina majina yake ya miti. Jina moja huweza kubeba mimea miwili bondeni na mlimani, na mmea mmoja ukawa na majina manne. Mzizi unapofika sokoni umekwisha kuachana na majani, maua na matunda, yaani kila kitu ambacho mtaalamu wa mimea hukitegemea. Muuzaji mara nyingi si mchimbaji. Mchimbaji naye si lazima awe mganga. Ndiyo maana mhudumu wa afya anayekutana na mgonjwa aliyepata manjano au figo kushindwa ghafla baada ya kunywa mizizi asiridhike na jina tu. Aombe kipande cha mzizi wenyewe, na ikiwezekana tawi lenye majani, kihifadhiwe kikiwa kikavu katika bahasha ya karatasi na kupelekwa kwa wataalamu wa mimea, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili.

Wapo watakaosema kwamba hofu hii ni ya mizizi ya porini, na kwamba tangawizi na manjano ni chakula. Viungo hivyo, kwa kweli wa botania, si mizizi bali ni matunguu, mashina yatambaayo chini ya udongo, ingawa jikoni na kilingeni huhesabiwa mizizi. Vyote viwili hulimwa Uluguru, pamoja na iliki, mdalasini na pilipili manga, upande wa Kinole, Tawa, Mkuyuni na Matombo. Jinjeroli za tangawizi na kukumini ya manjano ni miongoni mwa viambata vya kuzuia mchochota vilivyochunguzwa zaidi duniani. Kwenye mchuzi havina neno. Kukumini hufyonzwa kidogo mno, na huo umekuwa ulinzi wa walaji wa manjano kwa karne nyingi. Lakini siku hizi unga wa manjano huuzwa kwa vijiko, umechanganywa makusudi na pilipili manga, kwa sababu pipirini iliyomo humo huongeza mara nyingi ufyonzwaji wa kukumini. Pipirini hiyo pia huzuia vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa nyingine. Marekani, mwaka 2022, mtandao wa watafiti wa madhara ya dawa kwenye ini ulieleza wagonjwa 10 walioumia ini kutokana na manjano. Wengi wao walikuwa na aina moja ya urithi wa kinga ya mwili, na baadhi ya bidhaa zao zilikutwa na pipirini. Wagonjwa kumi katika nchi kubwa namna ile ni wachache, na hakuna sababu ya kuliondoa manjano kwenye pilau. Lililo muhimu ni kwamba walijulikana kwa kuwa kuna aliyeuliza na kuna aliyeandika.

Hoja ya makala haya ni hiyo tu: kuuliza na kuandika. Wakati watafiti wanaendelea kutenga viambata, na waendelee, kliniki haina haja ya kusubiri kiambata kipya ili ifanye kazi yake.

Namna ya kuuliza ina uzito wake. Swali la "Unatumia dawa za kienyeji?" likitolewa kwa sauti ya hakimu hujibiwa "Hapana, daktari," na mazungumzo huishia hapo. Swali linalofungua kinywa ni lile linalochukulia kwamba jibu la ndiyo ni la kawaida: "Shikamoo bibi. Mbali na vidonge hivi, hayo magoti nyumbani unayasaidia na nini?" Bibi akisema anachemsha mzizi, yafuatayo ni maswali yale yale ya kila dawa: unaitwaje, kiasi gani, mara ngapi kwa siku, tangu lini, na nani aliutoa. Asipolijua jina, au mganga amemkataza kulitaja, iandikwe hivyo hivyo: mzizi usiojulikana, kikombe asubuhi na jioni, wiki sita. Maneno hayo machache yana thamani kuliko ukurasa mtupu.

Kuna wagonjwa ambao kwao swali hilo halipaswi kusahauliwa hata foleni ikifika getini. Wa kwanza ni mwenye shinikizo la juu la damu anayetumia kidonge cha aina ya enalaprili au losartani pamoja na kidonge cha kukojoza. Kizuizi cha prostaglandini kikiongezwa juu ya hivyo viwili, figo hubaki bila kinga. Wa pili ni anayemeza warfarini au aspirini ya kila siku. Wa tatu ni anayesubiri upasuaji. Mama mjamzito naye, hasa baada ya wiki ya 20, kwa kuwa dawa za jamii hii huweza kupunguza maji ya uzazi na kumdhuru mtoto. Halafu yuko mtoto mwenye selimundu aliyevimba mguu na kuwa na homa. Kwake hatari ni ya namna nyingine: mzizi ukimtuliza maumivu kwa siku nne, usaha unaendelea kula mfupa kwa siku nne. Kiungo kimoja kilichovimba ghafla, chenye joto, mgonjwa akiwa na homa, ni dharura ya hospitali siku hiyo hiyo, na hapo hakuna mzizi wala kidonge cha maumivu kitakachochukua nafasi ya kuvuta maji ya kiungo na kuyapima.

Ipo pia dawa ya mizizi ambayo si ya mizizi. Katika nchi nyingi maabara zimekuta deksamethasoni, prednisoloni au diklofenaki zikiwa zimesagwa ndani ya unga unaouzwa kama mitishamba ya baridi yabisi. Unga unaoondoa maumivu ya miaka kumi ndani ya saa moja unastahili kushukiwa kabla ya kusifiwa. Mgonjwa akianza kuvimba uso, sukari yake ikipanda bila sababu, au mifupa ikaanza kuvunjika kirahisi, afikiriwe hivyo. Tena asiambiwe auache unga huo ghafla kama ameutumia kwa miezi, kwa maana mwili uliozoea steroidi ya nje huweza kuanguka ikikatwa kwa siku moja. Madhara yaliyoshukiwa yaripotiwe kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba kwa fomu ile ile ya njano inayotumika kwa vidonge.

Wahudumu wengine hupinga kwa hoja kwamba kuandika mzizi kwenye faili ni kuuhalalisha. Lakini faili hilo hilo huandikwa sigara na pombe, na hakuna aliyewahi kudhani kwamba hospitali imezihalalisha. Isitoshe, tiba asili haikusubiri ruhusa ya kliniki. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, namba 23 ya mwaka 2002, imekwisha kuitambua na kuiundia baraza lake. Mwaka 2011 umati wa watu ulikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mzizi wa mugariga kwa shilingi 500. Wapo walioacha dawa za VVU kwa sababu hiyo, na dharau ya wasomi haikumrudisha hata mmoja.

Pingamizi la waganga lina uzito zaidi. Wanaogopa kwamba mzizi ukitajwa utaondoka, utatengwa viambata mbali, na jina la mji wao halitaonekana popote. Historia ya dawa zitokanazo na mimea haiwapi sababu ya kutoogopa. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 iliwekwa kwa ajili ya dhuluma hiyo, na watafiti wanaopanda Uluguru na daftari wanapaswa kuanza na mkataba kabla ya kuanza na jembe. Ila kliniki haihitaji siri ya mchanganyiko. Inahitaji kujua kwamba kuna kitu kinanywewa.

Na mti nao una upande wake. Jani likichumwa mti hubaki. Mzizi mkuu ukichimbwa mti hufa. Huko Namibia wavunaji wa Harpagophytum, mmea wa maumivu ya viungo ambao soko lake kubwa liko Ulaya, hufundishwa kuchukua viazi vya pembeni, kuuacha mzizi mkuu na kuufukia tena. Habari ya kiambata kipya katika mzizi wa Uluguru, ikitangazwa kabla mtu hajaotesha miche, itakuwa tangazo la kuumaliza mti huo.

Arudi basi bibi wa magoti baada ya mwezi, shinikizo limepanda ingawa anaapa kwamba vidonge vyake anameza kila siku. Desturi ni kumwongezea kidonge cha tatu. Faili likiwa na mstari unaosema mzizi, kikombe asubuhi na jioni, wiki sita, mhudumu atampima kreatinini kwanza, na kumwomba aweke chungu pembeni kwa wiki mbili kabla ya kidonge hicho kuandikwa.